Salongo ya Papa Nzabandora

Kwa miaka mingi, Jumamosi ya kijiji chetu cha Lushebere haikuanza mpaka Papa Nzabandora agonge rimu ya gari iliyoning'inia mbele ya nyumba yake. Salongo! Kila nyumba ilitoa mtu mwenye jembe, mitaro ikazibuliwa, takataka zikafukiwa. Mvivu alitaniwa mpaka kanisani, mimi nikiwamo.

Kisha mikono yake ikaanza kutetemeka. Hatua zikawa fupi, majina ya watoto yakampotea. Majirani, ambao midomo yao haichoki kama mikono yao, wakasema ni sumu, tena mpishi anajulikana: Byukusenge, mke wa mwanawe. Mzee akaamini. Akakataa kula alichopika Byukusenge, akakonda mpaka tukaogopa kumtazama. Mkewe, Mama Emérence, alimpenda mkamwana yule, lakini ukoo ulishaamua arudishwe kwao. Iliniuma sana.

Asubuhi ya kumwondoa, muuguzi Olga alipanda kilima na majibu ya daktari aliyempima mzee. Alimkuta Byukusenge uani, kifurushi kichwani, Mama Emérence kando yake, na sisi majirani tukitazama.

"Mama Emérence, hakuna muntu alimupa sumu," alisema. "Mwili imejengwa na seli, sawa vile kijiji na nyumba. Kila seli inatengeneza protini na kuzikunja vizuri, njo zifanye kazi. Zenye zimekunjwa mubaya, inazivunja, inazitoa. Ni salongo ya kila siku. Kwa Papa, mu kichwa, ile salongo imechoka. Takataka inarundikana, seli zinakufa. Dawa itapunguza kutetemeka. Kuponyesha kabisa, bado."

Mama Emérence alilia mbele yetu sote, bila kujificha. Mzee alikuwa ameketi juani kama asiyesikia. Sasa akainua uso.

"Salongo iko wapi?"

"Mu kichwa yako, Papa," Olga akamjibu taratibu. "Kazi iko mingi, watu iko wachache."

Mzee akashika magoti, akasimama polepole, akatafuta jembe lake kwa macho.

"Sasa, kwa nini hamukuniita?"

Hata wale wenye midomo hawakucheka. Mzee akamgeukia Byukusenge, akamnyooshea ule mkono unaotetemeka.

"Mutoto wangu, tua ile muzigo. Uniletee bugali. Muntu haendake ku salongo na njaa."

Byukusenge akatua mzigo, akaenda kuwasha moto.