Wageni waliokuja na masanduku matupu kutazama jiwe letu Ikungi

Wakuu, mwaka wenyewe siukumbuki kwa namba, naukumbuka kwa tumbo. Ni ule tuliokula ugali wa njano.

Mtama ulikauka, uwele ukakauka, tukaletewa unga wa msaada. Ukiusonga unanuka gunia. Tuliula na mlenda ili uteleze upite bila kuulizwa maswali.

Mnaonizidi umri shikamooni. Ila nadhani humu hakuna, kwa hiyo nasubiri zenu.

Nimeona vijana mnaulizana vivutio vya Singida. Mmoja kaandika kuna jiwe lenye picha za kale huku Ikungi, ila kuna bibi mbishi hataki kulionyesha. Bibi mwenyewe ndiye mimi. Darasa nililo nalo ni la kisomo cha watu wazima, lakini ukweli hausomewi. Someni.

Tulikuwa ndio kwanza tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, barabarani. Nyumba zetu za tembe tumeziacha chini ya mlima.

Mlimani kuna jiwe limeinama kama baraza. Tumboni mwake kuna picha nyekundu: twiga, mnyama pofu na pembe zake, watu wembamba kama njiti. Nani alichora hatujui, tulizikuta.

Kwa desturi ya ukoo wa mume wangu, kabla ya kupanda mbegu mke wa nyumba ile hupeleka unga wa mtama na maji, anamwaga chini ya jiwe, anaomba mvua, anashuka. Hatoki na kitu, hata kijiti cha kuni. Miguu ya mama mkwe ilipokataa mlima, kazi akanikabidhi mimi. Njia nikabaki naijua mimi.

Sasa siku hiyo ikaja Landrova. Akashuka bwana mmoja wa mjini, kavaa kaunda suti, na wazungu wawili. Tukaitwa mkutanoni.

"Ndugu wananchi," akasema yule bwana, "mlima wenu utakuwa kivutio! Watu watapanda ndege waje kuutazama!"

Jirani yangu akaninong'oneza: "Wapande ndege waje waone mawe? Kwao hakuna mawe?"

Tukacheka. Kicheko hakikudumu.

Mzungu mmoja alitoa nyundo ndogo akagonga jiwe kando ya barabara, akaligeuza, akalitazama. Wakuu, hapo ndipo kijiji kizima kilipokosea. Kwetu miaka ile mtu wa kugonga mawe tulimjua mmoja tu: mtu wa kutafuta maji. Na sisi maji tulikuwa tunafukua kwenye mchanga wa mto mkavu, unapanga foleni na ndoo mpaka mtoto mgongoni anaamka, analia, analala tena.

Vigelegele vikapigwa. "Watu wa maji hao! Maji!"

Mimi nilikuwa namtazama bwana wa kaunda suti. Aliona tumekosea. Hakusahihisha. Alitabasamu, akaacha vigelegele viendelee.

Nikazunguka nyuma ya gari. Hakuna bomba, hakuna kamba. Kuna patasi, nyundo kubwa, na masanduku ya mbao yametandikwa majani makavu ndani, kama ya kubebea mayai. Matupu.

"Ndugu, haya ya nini?" nikamwuliza bwana wa kaunda suti, aliyekuwa amenifuata.

"Ya vifaa, mama."

"Vifaa si hivi viko sakafuni?"

Akashusha turubai.

Mwenyekiti wa kijiji akaniita mbele ya watu. "Mama Ntandu, wapeleke wageni mlimani."

Nikasema: "Njia naijua, lakini sipandi na mtu mwenye sanduku tupu."

Weee! Nilisemwa. "Unataka watoto wetu wanywe tope?" "Anaringia mlima kama kaujenga yeye!" Mwenyekiti akakata maneno: "Unga ni wa wanaopenda maendeleo. Ghalani usije."

Nyumbani nina watoto wanne. Mume wangu akaniambia, "Mama Ntandu, jiwe haliliwi."

Nikamjibu, "Hata mchanga hauliwi, na ndimo tunamochota maji."

Mama mkwe alikuwa kitandani. Akaniita.

"Umewanyima?"

"Nimewanyima, mama."

Kisha akasema, "Mbuzi wangu yule, chinjeni." Hakuwa na mwingine.

Wageni hawakukosa mtu. Mama mmoja wa kijiji cha pili aliwapeleka kwenye jiwe la ukoo wao, lenye picha kama za kwetu. Simlaumu, kiu ilikuwa ile ile. Mimi nililaumiwa mpaka mvua ziliponyesha: maji yameenda kwa wenzetu kwa sababu ya Mama Ntandu.

Baada ya mavuno nikaenda kwao msibani, nikamwomba yule mama anionyeshe jiwe. Palipokuwa na twiga pana shimo la mraba, limechongwa vizuri, kingo bado nyeupe.

Alisimama pembeni yangu, mikono kichwani. "Waliniambia watarudi na bomba," akasema.

Nani aliwatuma, nani alifaidi, mpaka leo sijui. Yule bwana wa kaunda suti sikumwona tena. Mwenyekiti hakuniomba radhi, alinirudishia unga tu, kimya kimya.

Nilichojifunza, wajukuu: mgeni usimtazame meno, mtazame alichobeba. Na asiyekusahihisha unapokosea, ujue kosa lako lina faida kwake.

Juzi kaja kijana mpole, ana simu kubwa. "Bibi, nataka lokesheni tu niiweke mtandaoni." Nikamwuliza, wakishaijua wote, atakayelinda nani? Akasema watu siku hizi wameelimika. Hata yule wa kaunda suti alikuwa ameelimika.

Haya, komentini. Atakayenitukana anitukane kwa herufi kubwa nisome bila miwani. Ila kwenye swali lenu la njia, jibu halijabadilika:

Njia naijua, lakini sipandi na mtu mwenye sanduku tupu.