Ngano Yenye Makoti

Mimi ni fundi cherehani. Kibaraza changu kimepakana na mgahawa wa Tumpe hapa Kiwira, kwa hiyo haya nimeyaona kwa macho, na mengine nimeyala.

Mwaka tisini na tatu, enzi za ruksa, kila mwenye sufuria alifungua mgahawa. Ackson naye akaleta mashine ya kukoboa na kusaga. Siku hiyohiyo Tumpe aliupasua mchi wake akachemshia maharage, na kinu akawaachia kuku watagie. Kinu chenyewe alipewa na mama mkwe wake, Bibi Alinanuswe, siku alipoolewa. Bibi akamwona kuku humo. Aliacha tu kula chakula cha Tumpe, mwaka mzima! Na Tumpe, kwa mdomo wake ule, akawatangazia wateja kwamba kutwanga ni ushamba.

Basi ng'ambo ya barabara pakafunguliwa kibanda cha chipsi, wateja wakahama. Tumpe akabaki na mimi na nzi.

Hapo ndipo Rodrick, bwana shamba, alipomletea debe la ngano ya kale aliyoijaribu kwenye shamba la mfano Ikuti. "Dada Tumpe, Jumamosi wakubwa wangu wanakuja. Ipike nzimanzima kama kande. Wakiipenda, semina ya mwezi ujao wote watakula kwako."

Ijumaa aliichemsha kiasi toka asubuhi hadi saa tisa. Nikaonja. Makapi yalinikwama kooni, nikakohoa mpaka nikashona mfuko wa shati mgongoni. Kumbe ngano hiyo haiachi ganda kwa kupurwa. Kila punje hubaki na koti lake. Tukaikimbiza kwa Ackson. Kwenye kukoboa ikatoka na makoti yake, kwenye kusaga ikawa vumbi la makapi.

"Itwangwe," nikasema. Tumpe alinitazama kama atanipiga mwiko, kisha akaanza kulia. Mchi wa kuazima ulikuwa mmoja tu, na alijua ni wa nani.

Jumamosi alfajiri alipiga magoti mlangoni kwa mama mkwe. "Mama, nimekosa. Naomba mchi."

Bibi alikuja nao begani. Akamhamishia kuku na mayai yake kikapuni, akakisugua kinu, akainyunyizia ngano maji kidogo kama afanyavyo kwa mahindi ya kande. Wakatwanga kwa zamu, wakapepeta, makoti yakatoka. Ikapikwa na maharage, maziwa ya mgando pembeni.

Wageni walisafisha sahani. Mmoja akauliza, "Mama, mmekoboa kwa mashine gani?"

Tumpe angeweza kudanganya, namjua. "Si mashine," alisema. "Ni mikono ya mama mkwe wangu, na kinu alichonipa mimi nikampa kuku."

Rodrick akatangaza kwamba semina yote watakula hapo. Tumpe hakusikia. Alikuwa anamtazama Bibi, aliyekwisha kuvuta sahani.

Bibi akatafuna, akameza. "Chumvi haijafika, mwana gwangu," akasema, akasogeza sahani aongezewe.