Tumbo Ambalo Sikulichora

Tumbo lile sikulichora mimi. Nilichora msichana wa darasa la sita akinawa mikono kwenye kibuyu chirizi, anacheka kwa sababu maji yamemrukia usoni. Miezi michache baadaye nilimkuta kwenye bango la karatasi, ukutani mwa zahanati ya kijijini kwao huko Nkololo, sare ile ile, kicheko kile kile, akiwa mjamzito. Chini yake maandishi mekundu: ALIDHANI NI MCHEZO. Kwenye kona, kwa herufi ndogo, sahihi yangu.

Naishi Bariadi mjini na kuchora ndiyo kazi yangu. Nachora vibao vya saluni, ng'ombe wa bucha, tembo na herufi kwenye kuta za shule za awali, na kazi za miradi zikipatikana. Mradi mmoja wa watoto ulinipa kazi ya kuchora kijitabu cha usafi. Vijitabu vingi vinavyoletwa huku vimejaa watoto wasiofanana na mtu yeyote: viatu vipya, nyumba ya vigae, maua mlangoni. Mtoto wa Nkololo akivifungua anasoma habari za watu wengine. Kwa hiyo mimi huenda mwenyewe. Nakaa na watu, nawachora walivyo, na kabla ya kuondoka naomba ruhusa kwa mkubwa wa nyumba.

Mkubwa wa nyumba ya msichana yule alikuwa bibi yake. Baba wa msichana yuko na ng'ombe upande wa Meatu, anakuja kwa nadra. Nilimwamkia bibi kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," nikamwonyesha mchoro. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Hata kiraka umekiweka!"

Kiraka ni cha kitenge cha njano. Alikishona mwenyewe kwenye kiwiko cha sweta la shule la mjukuu wake, na kijijini hapo hakuna sweta jingine la namna hiyo.

"Haya, mchukue," akasema. "Ila usimpeleke pabaya."

Kijitabu kilitoka, na msichana akawa mtu maarufu. Watoto wadogo walimwita Dada Sabuni. Alijifanya kuchukia, lakini aligeuka kila alipoitwa.

Halafu mradi ukaanza kampeni dhidi ya mimba za utotoni. Hawakunipigia simu. Mafaili yangu walikuwa nayo. Mtu wao wa kompyuta alifuta kibuyu, akaivimbisha sare. Mikono iliyokuwa inanawa ikabaki mbele ya tumbo, kama imelishika. Mdomo hakuugusa. Ndiyo maana anacheka.

Nilikwenda ofisini kwao siku hiyo hiyo, vumbi la Nkololo likiwa bado kwenye nguo.

"Dada msanii, tulia kwanza," afisa wa mradi aliniambia. "Mkataba ulisaini. Faili ni la kwetu."

"Huyu ni mtoto wa watu. Yupo. Ana bibi yake."

"Ni katuni tu, dada yangu. Nani anaitambua katuni?"

"Kijiji kizima."

Akatabasamu. "Basi unajua kuchora. Ungefurahi."

Sijawahi kumpiga mtu. Nilishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili na sikukiachia mpaka nilipoweza kutoka bila kumgusa.

Asubuhi nilirudi Nkololo. Bodaboda aliyenibeba alikuwa ameshasikia. "Dada, siku moja nichore na mimi," alisema, mabega yakimcheza kwa kicheko. "Ila mimi usinipe mimba." Nilimwambia asimamishe pikipiki. Kipande kilichobaki nilikwenda kwa miguu.

Bibi hakuniletea kigoda. Nikiwa nimesimama uani, alinieleza yaliyotokea. Baba alipigiwa simu na ndugu, akaja na fimbo yake ya kuchungia, akaagiza binti apimwe. Wakampeleka zahanati. Alisubiri zamu yake kwenye benchi lililo chini ya picha yake mwenyewe. Mimba hakuna. Baba akarudi kwa ng'ombe wake, hakumwomba mtu radhi.

"Majibu ninayo," bibi alisema. "Nitayabandika wapi? Ya kwenu ndiyo yana gundi."

"Mayu, lile tumbo sikulichora mimi."

"Na uso?"

Msichana alitoka ndani. Sweta alikuwa amelivaa, lakini kiraka alikuwa amekifumua, kiwiko kiko nje. Shuleni alikuwa ameacha kwenda. Kisimani watoto walikuwa wanamngoja afike ndipo wapige kelele kwa pamoja: "Alidhani ni mchezoo!" Wale wale wa Dada Sabuni.

Nilimwambia nitazibandua picha zote kijijini.

"Zikiisha nitarudi shule," alisema. "Ikibaki hata moja, sirudi."

Nilianza hapo hapo. Mwalimu mkuu aliibandua ya shule yeye mwenyewe, bila kuniangalia. Muuguzi alinipa maji ya moto na kisu, tukakwangua pamoja. Ofisi ya kijiji walitaka nilete barua kutoka kwa wenye mradi. Wakati mtendaji ananieleza barua iandikwe vipi, nilikuwa nimeshashika pembe ya karatasi. Ilichanika katikati ya uso. Uso ule nilikuwa nimeupenda.

Iliyobaki ni moja. Iko ndani ya ghala la pamba, ilibandikwa kabla halijafungwa, kwenye ukuta unaotazamana na dirisha la nondo. Watoto wamesogeza jiwe chini ya dirisha. Wanapanda juu yake na kuchungulia. Ghala lina kufuli mbili. Ufunguo mmoja uko kwa karani, wa pili kwa mwenyekiti wa ushirika, na kila mmoja anasema hawezi kufungua bila mwenzake, na wote wawili wanasema ghala hufunguliwa msimu wa kununua pamba. Nimewapigia simu mpaka wameacha kupokea. Afisa wa mradi anasema picha zikishabandikwa ni mali ya kijiji.

Shule zinafunguliwa Januari, na mwakani msichana ni wa darasa la saba. Pamba ndiyo kwanza inapandwa. Jiwe nililiondoa mara mbili; jana bibi alinipigia kuniambia limerudishwa, na sweta la shule limekunjwa, liko juu ya kabati.