Kitabu cha Bure na Kisigino cha Naibu

Mwalimu wetu wa Fizikia ni mtu wa maneno machache. Akiingia darasani, kabla hata chaki haijagusa ubao, anasema, "Fungueni ukurasa wa..." na nambari. Basi. Ukitaka kujua kama leo ni mwanga au ni joto, fungua ujionee.

Matata yetu yalianzia kwenye hizo nambari.

Shule yetu ni ndogo, ya kutwa, ya mtu binafsi, imebanwa nyuma ya nyumba za mtaa wa Jamhuri, Nairobi. Vitabu vya serikali tunavionea mikononi mwa watoto wa shule nyingine. Sisi kila kitu ni kununua. Tulipoingia kidato cha tatu tukatangaziwa kwamba kitabu cha Fizikia kimetoka toleo jipya, na la zamani halitakubaliwa, kwa sababu kurasa hazilingani.

"Asiye na kitabu kipya kufikia Jumatatu ya mwisho ya mwezi huu," mwalimu akasema, "aage Fizikia. Ahamie Biashara."

Jirani yangu wa dawati alikuwa na toleo la zamani alilorithi kwa binamu yake. Huyu ni msichana ambaye Fizikia inamwingia kama chai inavyoingia mkate. Anataka kuwa injinia wa stima, na bila Fizikia hakuna wa kumruhusu kugusa hata soketi. Mamake anauza nguo za mitumba za watoto karibu na maduka ya Adams.

"Mathe amesema nichague," aliniambia. "Kitabu ama viatu. Na viatu vyangu unaviona."

Niliviona. Kidole chake gumba kilikuwa kinachungulia masomo yote.

Mimi nilikuwa na hasira, na tusidanganyane, haikuwa hasira takatifu. Akihama yeye, nitaangalizia nani?

Jumamosi tukashuka mjini, duka kubwa la vitabu, yeye na toleo lake la zamani ndani ya mkoba. Tukachukua jipya kwenye rafu, tukaketi sakafuni, tukafungua yote mawili ubavu kwa ubavu. Jalada lilikuwa limebadilika. Swali la tatu lilikuwa limekuwa la saba, na la saba limekuwa la tatu. Halafu kulikuwa na embe lililokuwa likianguka kutoka mtini. Limekuwa chungwa.

"Kwani chungwa linaanguka na spidi tofauti?" nikauliza.

"Wacha ujinga," akasema, lakini alikuwa anacheka, na machozi yalikuwa karibu na kicheko.

Mlinzi akatusimamia kichwani. "Nyinyi watoto, hapa si maktaba."

"Soja, tunatafuta tofauti," nikamwambia. "Ukiiona tuite."

Tulitolewa nje, lakini kwa heshima.

Kesho yake baada ya kanisa nikaingia saiba moja ya intaneti pale Dagoretti Corner, nikatafuta kitabu cha Fizikia cha bure. Nilitarajia takataka. Nikapata kitabu kizima, sura kwa sura, kimeandikwa na walimu wa nchi za mbali, na mbele kabisa kuna ruhusa ambayo niliirudia kuisoma kama meseji ya mtu anayekupenda: soma, nakili, badilisha, wagawie wenzako. Ila useme umekitoa wapi, useme nani amebadilisha nini, na wewe pia ukiachilie bure kama ulivyokipata.

Badilisha! Miaka yote hii shuleni nimeambiwa nyamaza, nimeambiwa piga magoti, nimeambiwa chomekea shati. Hakuna aliyewahi kuniambia badilisha.

Na kilihitaji kubadilishwa. Kilijaa barafu. Mtu anateleza kwenye barafu, gari linakwama kwenye theluji, mtoto anaburuta kigari cha barafu. Jirani yangu alikipitia chote kwa simu ya mamake, akaniambia hesabu ni zilezile za mtaala wetu, ila inafaa tupange upya na tujaze mapengo. Yeye akashika hesabu. Mimi nikashika barafu. Niliiyeyusha yote. Anayeteleza akawa mkokoteni wa ndizi uliokatika breki ukishuka Ngong Road. Kigari kikawa mtungi wa maji. Darasa zima likatoa pesa za mandazi tukachapisha nakala moja, na wasiokuwa na toleo jipya, ambao walikuwa wengi kuliko tulivyojua, wakanakili kwa mkono, kila mmoja akiongeza yake. Mmoja aligeuza maswali yote ya mwendo yawe ya mpira. Mwingine alichora kuku kila ukurasa, sijui kwa nini.

Sasa, naibu wa mwalimu mkuu ana sheria moja anayoipenda kuliko zote: kila kitabu kivalishwe karatasi ya kaki. Bila kaki, nje. Basi tukavivalisha vyetu kaki ya heshima, kingo zimekunjwa vizuri. Mwalimu akipita katikati ya madawati anaona safu za kaki tupu. Akitaja ukurasa, wenye kitabu kipya wananong'ona mada, na sisi wengine tunafungua sura. Tulimaliza karibu wiki nzima hivyo. Sheria ya naibu ndiyo ilikuwa inatuficha.

Ijumaa mwalimu akasahau kitabu chake ofisini. Akanyoosha mkono akachukua kilichokuwa karibu. Changu.

"Mfano wa kanieneo, yaani presha," akasoma kwa sauti. "Naibu wa mwalimu mkuu, akiwa amevaa kiatu cha kisigino chembamba, anakanyaga kidole cha mwanafunzi. Ikiwa uzani wake wote..."

Akafungua ukurasa wa mbele, akasoma ruhusa, akanitazama, akaondoka na kitabu.

Kabla ya saa ya chakula nilikuwa ofisini kwa naibu. Mamangu alikuwa ameitwa, amefunga kibanda chake cha nafaka, amekuja na leso bado kiunoni. Aliponipita mlangoni alinifinya mkono bila hata kunitazama. Mwalimu wa Fizikia alisimama karibu na dirisha. Kitabu changu kilikuwa mezani, kimevuliwa kaki, kiko uchi kabisa.

"Hiki ni kitabu cha wizi," akasema naibu.

"Si cha wizi, Madam. Ni cha bure."

"Kitu cha bure hakipo. Hapa Nairobi tunanunua hata maji ya kunawa uso, wewe upewe kitabu?"

"Imeandikwa hapo mbele, Madam."

"Usinijibu!"

"Umeniuliza, Madam."

Mamangu akanifinya tena. Kisha akamgeukia naibu, pole pole, kwa ile sauti anayotumia na wateja wanaoshika maharagwe bila kununua. "Mwalimu, samahani. Mwenye kitabu amekuja kulalamika?"

Naibu alifungua ukurasa wa kisigino. "Mama, ona mtoto wako anachoandika juu ya walimu wake."

Mamangu akainama kusoma. Mimi pia nikainama, na hapo ndipo nikaona. Pembeni mwa swali langu kulikuwa na wino mwekundu, mwandiko ninaoujua kutoka kila mtihani niliowahi kuanguka: *Eneo liko kwa sentimita za mraba. Geuza liwe mita za mraba kwanza! Jibu lako ni dogo mno. Kidole kingeumia zaidi ya hapa.*

Nikageuza ukurasa. Nyekundu. Nikageuza mwingine. Nyekundu. Mkokoteni wa ndizi ulikuwa umeongezewa msuguano. Mchoro wa jirani yangu wa mwanga kupinda ulikuwa umewekewa alama kubwa ya tiki. Mtu alichukua kitabu kiwe ushahidi, kumbe akakisahihisha.

"Madam," nikasema, na kwa kweli nilijaribu kutocheka, "kwa ruhusa ya hiki kitabu, anayebadilisha anatajwa kama mmoja wa waandishi. Itabidi tumwongeze mwalimu."

Naibu akamtazama mwalimu wa Fizikia.

"Nilikuwa naangalia vipimo tu, Madam," mwalimu akasema akitazama dirisha.

"Na uzani wangu? Uliusahihisha pia?"

"Huo... huo sikuugusa."

Mamangu alikohoa ndani ya leso. Kwa muda mrefu sana.

Naibu akakifunga kitabu. Akaniambia niombe msamaha, nikusanye nakala zote, nizilete zichomwe, na ambao hawatakuwa na toleo jipya Jumatatu waandike Biashara kama ilivyosemwa.

"Kisigino nitaomba msamaha, Madam," nikasema. "Kilikuwa kibaya, na hata hesabu nilikosea. Kitabu siombi."

"Unasema?"

"Siombi. Na kukusanya siwezi. Kila mtu ameandika chake. Chenye kuku si changu, cha mpira si changu. Na aliyefanya hesabu za humu ndani ndiye mnayetaka kumtoa Fizikia."

Mwalimu aligeuka kutoka dirishani aliposikia hivyo. "Yule jirani yako? Hizi hesabu ni zake?"

"Zile ulizotia tiki, Mwalimu. Zenye nyekundu ndizo zangu."

Nilipewa adhabu ya kusugua korido, na niliisugua nikipiga mluzi. Nakala hata moja sikuleta.

Jumatatu naibu alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni mwa darasa, mikono imekunjwa, kuona nani anahama. Jirani yangu alikuwa ameketi wima kama mshumaa, kitabu chetu mbele yake, kaki mpya. Miguu aliificha chini ya kiti. Mwalimu akaingia, akaweka toleo lake jipya mezani.

"Fungueni ukurasa wa..." akaanza.

Alitazama safu za kaki. Alimtazama naibu. Kisha akalisukuma toleo lake jipya pembeni, kama sahani ya mtu aliyeshiba.

"Fungueni sura ya kanieneo," akasema. "Yeyote, kitabu chochote. Nani atasoma mfano wa kwanza?"

Jirani yangu alisimama. Hakusubiri achaguliwe. Akatoka kabisa nyuma ya dawati, kidole gumba nje mbele ya naibu na mbele ya kila mtu, akaanza kusoma kwa sauti ya kusikika hadi barabarani ule wa kisigino, uliosahihishwa, ila sasa aliyevaa kisigino kwenye mfano nilikuwa mimi.

Naibu alisikiliza hadi jibu. Lilikuwa kubwa, kama mwalimu alivyoandika kwa wino mwekundu.