Bidoni Niliyoibeba Mgongoni

Mpaka leo siwezi kukaa jikoni maji yanapoanza kuimba kwenye sufuria. Sauti ile ndogo inayotangulia kuchemka, pamoja na harufu ya makaa, hunirudisha kwenye ua wetu wa Kamembe, nchini Rwanda, nami huinuka nikajifanya natafuta chumvi. Mume wangu anadhani sipendi moshi. Ninyi nitawaambia ukweli.

Nilikuwa na miaka tisa, na mwaka haukuwa umeisha tangu tuvuke mto Rusizi kutoka Bukavu, upande wa Kongo, Papa akafungua duka la vitenge karibu na soko. Mwaka huohuo miguu ya Maman ikaanza kuvimba, kisha tumbo, kisha akawa haamki bila kushikwa. Hospitali walimhangaikia wiki tatu, halafu wakamwambia Papa kwa upole amrudishe nyumbani akae na watu wake. Papa hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Alimuuliza kila aliyeingia dukani, mpaka mteja mmoja akamtajia amashyuza, chemchemi za maji ya moto zilizo upande wa Bugarama, ambako watu huenda kulowesha viungo vinavyouma. Maman hakuweza kusafiri. Basi Papa akaamua maji yamfuate.

Aliyetuongoza alikuwa Mzee Zuberi, fundi viatu wa mtaani kwetu, Mwislamu mrefu aliyezaliwa kule bondeni Bugarama. Alipotuona asubuhi tumevaa masweta, na Papa ameshika mwavuli, alicheka mpaka kofia ikaanguka. Sisi watu wa Bukavu, mvua ndiyo tuliyoijua. Chakula tulifunga cha kutosha harusi, lakini maji ya kunywa hatukuchukua hata tone. Tangu lini mtu akabeba maji safarini? Kwetu uliyakuta kila kona.

"Papa Nabintu," Mzee Zuberi alisema, akimwita kwa jina langu kama wote walivyomwita, "kule chini jua haina urafiki na muntu. Mayi ya kunywa iko wapi?"

Papa akamwonyesha bidoni tupu ya lita tano. "Hii ni ya Maman Nabintu."

Mzee alirudi ndani kwake, akatoka na chupa mbili za maji.

Lori la mizigo lilitushusha Bugarama, tukaanza kutembea. Katekista alikuwa ametusimulia habari za wana wa Israeli jangwani, na nilipoliona lile bonde katika mwezi wa nane, nilijua tumefika kwao. Mashamba ya mpunga yalibaki mbali, kando ya mto. Njia yetu ilikuwa ya mawe na vumbi jeupe la chokaa. Majani yalivunjika ukiyagusa, na joto lilitoka chini likapenya viatu. Mzee Zuberi alikuwa na sheria zake: kitambaa chenye majimaji kichwani, mdomo ufungwe, na funda moja la maji kwenye kila kivuli. Vivuli vilikuwa vitatu. Navikumbuka vyote. Papa alisema hana kiu, akaniachia fungu lake, na midomo yake ilikuwa imepasuka.

Kwenye chemchemi maji yalifuka kutoka ardhini, na wagonjwa walikuwa wamekaa ndani yake mpaka kiunoni, wakipiga soga kama wako sokoni. Papa alipoinama kujaza bidoni, Mzee Zuberi alimshika mkono.

"Mayi ya hapa habaibebe, Papa Nabintu. Mugonjwa njo banabebaka."

"Mugonjwa wangu habebeki," Papa akajibu, akaendelea kujaza.

Yale masweta yaliyochekwa asubuhi yakapata kazi. Papa aliivisha bidoni yote mawili ili moto usitoke, nami nikaomba niibebe. Alinifungia mgongoni kwa kitenge cha Maman, jinsi anavyofungwa mtoto mchanga, akasema atanipokea kwenye kivuli cha kwanza. Tulipofika pale nilikataa kuishusha. Mgongo uliniungua, na nilifurahi, kwa sababu niliona kwamba nikiungua, dawa ingali hai. Lakini kwenye lori, tulipopanda kuirudia baridi yetu, niliusikia ule moto ukiniacha kidogo kidogo. Sikumwambia Papa.

Tulifika jua halijazama. Nilipotoka kunawa miguu, nilimkuta Papa uani amechuchumaa mbele ya mbabula, jiko letu la makaa, akipuliza makaa kwa ile midomo yake iliyopasuka. Juu ya makaa palikuwa na sufuria, na maji yangu yalikuwa yameanza kuimba.

Niliona nimedhulumiwa. Nilisimama mlangoni, nikamtazama akiweka miguu ya Maman kwenye beseni na kummwagia maji kwa kikombe, taratibu, goti hadi kidole. Maman alifumba macho.

"Aksanti, Papa Nabintu. Nasikia maumivu inashuka."

Papa akacheka. Tangu tuhamie Rwanda sikuwa nimesikia kicheko kile. Nami, mgongo ukiniwasha, nikasema: "Maman, hii moto si ya kule. Papa alipasha mayi ku mbabula."

Maman alifumbua macho. Hakumtazama Papa, alinitazama mimi.

"Najua, mutoto wangu," alisema polepole. "Nyamaza."

Nilikuwa nimechelewa kunyamaza. Papa aliweka kikombe chini, akajifuta mikono kwenye suruali, akatoka nje. Maji yalipoa, miguu ya Maman ingali ndani.

Kesho yake Maman alimwomba, "Papa Nabintu, niletee ile mayi." Papa akamwambia imeisha. Kesho kutwa akaomba tena, akajibiwa vilevile. Bidoni ilikuwa nyuma ya mlango, ina zaidi ya nusu. Maman alifariki kabla mvua hazijaanza.

Kwa miaka mingi niliamini nimemwibia mama yangu dawa. Ilibidi niwe mke wa mtu, nimuuguze mama mkwe mpaka mwisho, ndipo nikaelewa. Maman alijua tangu hospitali kwamba haponi. Yeye hakuhitaji maji. Aliyeyahitaji ni Papa, na Maman alikuwa amekubali kupata nafuu kwa ajili yake. Siku zilizobaki hazikuwa nyingi, na kama ningenyamaza, Papa angezikaa miguuni pa mkewe, akimmwagia maji kikombe kwa kikombe. Alizikaa dukani.