Koili ya Trekta la Lesian

Fundi Eliamini wa Nduruma alikuwa na sifa mbili zilizofika mpaka Olmotonyi: hakuna umeme wa gari uliowahi kumshinda, na hakuna siku aliyowahi kusema "hapa nimekosea." Ya kwanza ilimlisha miaka thelathini na miwili. Ya pili watu waliifumbia macho kwa sababu ya ile ya kwanza. Ndivyo tulivyo, mtu akiwa na mikono mizuri tunamsamehe mdomo.

Kazi alijifunza kwenye shamba kubwa la kahawa chini ya Meru, kwa mzee mmoja aliyefundisha kwa makofi. Huko ndiko alikoyajua matrekta ya zamani ya petroli, ambayo mafundi wa siku hizi wakiyaona wanacheka na kuondoka. Alioa, akapata watoto, mkewe akarudi kwao Poli na hakuonekana tena. Miaka miwili iliyopita alimleta mwanamke mwingine, Magreth, nyumbani bila ndoa, na usharika ukamtenga. Aliyelisoma jina lake mbele ya waumini ni mzee wa kanisa Gadiel, kwa sauti ya pole inayouma kuliko tusi. Tangu siku hiyo, popote watu walipoinamisha vichwa kuomba, Eliamini alisimama bila hata kujikuna, asije akaambiwa sasa anamdharau na Mungu.

Mwezi wa pili mwaka huu alijiwa na Nashilu, mjane wa Lesian. Lesian alikufa Januari, akaacha ekari nne, mtoto wa kiume wa miaka sita, na trekta la kijivu lenye umri uliomzidi yeye mwenyewe. Trekta lilitumia betri ya volti sita, na betri za namna hiyo zenye nguvu ya kuzungusha injini zilikwisha madukani Arusha zamani. Kwa hiyo Lesian aliliwasha kwa hendeli miaka kumi, akiinama mbele yake kila asubuhi na kuizungusha kwa nguvu zote. Nashilu alikuwa mwembamba, na hendeli ile ilishawahi kurudi nyuma ikamvunja mwanamume mkono.

Sasa shemeji yake, Kisioki, alikuwa amesema mbele ya ukoo kwamba mashine isiyowashwa huoza, na shamba lisilolimwa hurudi pori, basi vyote viwili akabidhiwe yeye mpaka mtoto akue. Wazee hawakutaka kuonekana wanamnyang'anya mjane. Wakasema watakaa Jumamosi ya kwanza ya Machi, hapo hapo bomani kwa Lesian. Mama akiliwasha mwenyewe na kuliendesha mpaka shambani, trekta na ekari nne vibaki kwake. Akishindwa, Kisioki achukue.

Eliamini alimwambia asilale na mawazo, wataliingiza kwenye volti kumi na mbili, liwake kama gari. Na kweli alifanya kazi nzuri. Aling'oa jenereta akafunga altaneta, akabadilisha taa, akageuza nyaya za betri kwa sababu trekta lile chanya yake ilifungwa kwenye bodi, kinyume na magari ya leo. Kilibaki kitu kimoja. Koili, ile inayoipa plagi cheche, ilikuwa ya mraba na ilikaa juu ya distributa yenyewe, ile inayogawa cheche, kwa hiyo ya gari haikuweza kufungwa hapo. Ilipaswa kubaki ya volti sita, na mbele yake iwekwe rezista ya kuupunguza umeme. Rezista aliyoagiza mjini ingefika Jumanne, na kikao kilikuwa Jumamosi.

Angeweza kusema. Angeweza kumwambia Nashilu aombe siku nne, na wazee wangempa. Lakini alishaahidi, na Eliamini hakujua kurudi na neno pungufu. Aliunganisha koili moja kwa moja, akawasha, injini ikanguruma mara ya kwanza, Nashilu akalia kwa furaha. Alimpa onyo moja tu, kwamba akifungua swichi awashe papo hapo, asiiache wazi injini ikiwa imelala. Sababu hakumwambia. Nashilu aliitikia, akarudia kuwasha hivyo siku nzima mpaka mikono ikazoea.

Jumamosi walikuja watu kama arobaini. Nashilu alipanda, akakaa, akafungua swichi. Taa nyekundu ndogo ikawaka. Kidole kilikuwa njiani kuelekea kwenye kitufe cha staata, mzee Gadiel akainua mkono na kusema jambo hili lisianze bila kumtanguliza Bwana. Kofia zikavuliwa. Nashilu akakunja mikono kifuani na kufumba macho, kama alivyolelewa. Taa nyekundu ikabaki inawaka.

Eliamini alikuwa hatua tano kutoka pale. Alijua kwamba kama platini, vile vyuma viwili vidogo vya kukata na kuunga umeme ndani ya distributa, zilisimama zikiwa zimeachana, hakuna neno. Zikiwa zimegusana, umeme unapita bila kukoma na koili inapikwa. Mzee Gadiel alimshukuru Mungu kwa maisha ya Lesian. Akaombea mvua, akaombea wagonjwa kwa majina, akaombea viongozi wa kata. Alipofika kwa wajane na yatima, harufu ya lami moto, ile inayojazwa ndani ya koili, ilimfikia Eliamini puani.

Hatua tano, na kuigeuza swichi. Aliziona kichwani, na aliona pia macho ya watu arobaini yakifumbuka, na Gadiel akinyamaza katikati ya sala kumtazama mtu aliyetengwa akitembea mbele ya Mungu kwenda kushika mashine. Halafu angeulizwa kwa nini, na angelazimika kusema mbele ya Kisioki kwamba kazi yake ilikuwa haijakamilika. Aliogopa, na aliona haya. Akasimama wima mpaka "amina."

Nashilu akabonyeza staata. Injini ikazunguka kwa nguvu, betri mpya haikuwa na kosa, lakini cheche haikuwepo. Alijaribu mara nane. Uso wake ulikuwa umeloa jasho na hakumtazama mtu yeyote.

"Shemeji, imetosha," Kisioki alisema taratibu. "Shuka."

Mzee mmoja wa ukoo akamgeukia fundi, akamuuliza kwa haki kabisa kama kuna sababu, maana kama ipo wangesubiri hata wiki. Eliamini alifungua mdomo. Miaka thelathini na miwili ilikuwa mdomoni humo.

"Trekta ni la zamani," akasema. "Limechoka."

Siku hiyo hiyo walilisukuma mpaka kwa Kisioki.

Rezista ilifika Jumanne kama ilivyoahidiwa. Alhamisi Kisioki alimwita fundi, na fundi akaenda, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Alichomoa koili ya mraba kwenye trekta lililokufa kule Terrat, akaifunga pamoja na rezista, na lile trekta lililochoka likawaka kwa mguso mmoja. Wiki iliyofuata Kisioki aliingiza jembe kwenye ekari nne na kupanda mahindi yake.

Eliamini alipita njia hiyo akitoka kazini. Nashilu alikuwa ukingoni mwa shamba akikatia mbuzi majani. Alimwamkia shikamoo kwa heshima ile ile ya siku zote, na fundi akaona ni afadhali angetukanwa. Wakasimama wakilitazama trekta likigeuka kule mwisho.

"Nilisikia harufu," Nashilu akasema. "Wakati wa maombi. Nilitaka kufumbua macho nizime."

Eliamini alihamisha mfuko wa zana kwenye bega la pili.

"Nikajiambia, fundi yuko pale. Ingekuwa jambo baya, angesema."

Akalibeba furushi lake la majani, akaenda kuwalisha mbuzi.