Makuti Niliyoyashona Mwenyewe

Makuti mapya yakinukia, mate hunijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika. Juzi niliyanusa kwenye banda la mama lishe, nikahamia juani na sahani yangu.

Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja cha bati, na joto la kaskazi liliigeuza tanuri. Mama alimwaga maji sakafuni, akatundika kanga iliyolowa dirishani. Baba akaniambia, "Shona makuti, mwanangu. Nitayalaza juu ya bati, mlale kwa raha." Nikashona likizo nzima mpaka vidole vikachanika. Miyaa ya kushonea iliponiishia, nikafungia vipande vya kanga kuukuu ya mama, ya kijani.

Siku moja nilirudi kutoka madrasa nikakuta hayapo. Baba akasema, "Yameliwa na mchwa, nimeyachoma." Nililitafuta jivu lake uani, sikuliona.

Wiki ile ile mama alinituma Zinga nimpelekee shangazi samaki. Jirani na shangazi palikuwa na nyumba mpya. Baba alikuwa amelala barazani, kifua wazi, na mwanamke nisiyemjua anampepea. Juu yao, kwenye paa la makuti, vilining'inia vipande vya kanga ya kijani.

"Karibu, mwanangu," yule mwanamke alisema kwa sauti ya chini, asimwamshe. "Huku kuna ubaridi."

Niliporudi mama akaniuliza, "Kwa wifi yangu nako joto hivi?"

"Nako joto, mama."

"Pole," akasema. Akaichovya kanga yake majini, akaikamua, akanifunika.